Mstari wa Tatu

Watu wawili walipokuja kupiga picha ukuta wa nyumba yake, mchora vibao alidhani wamekuja kumpa kazi. Wateja wake walianza hivyohivyo siku zote. Walisimama barabarani, wakazitazama herufi, wakainua simu, halafu wakauliza bei. Akatoka mbio huku akijifuta mikono kwa kitambaa kinachonuka mafuta ya taa.

"Pigeni kutokea huku," aliwaambia. "Mkisimama hapo mtapata kivuli cha ngazi."

Wakahamia upande aliowaonyesha. Mmoja alivaa tai, mwenzake alibana faili kwapani.

"Mzee, hii kliniki ni ya nani?" akauliza wa tai.

"Ya binti yangu. Tiba ya viungo. Amesoma nchi ya jirani, karudi na shahada yake. Mtu akishikwa mgongo, akipooza mkono, yeye ndiyo kazi yake."

"Ameshaanza kutibu?"

Mtaani walimwita Brashi, na kazi yake ilimfundisha kwamba biashara isiyo na wateja haisifiwi. Ukweli ni kwamba binti alikuwa mjini, kwa shangazi yake, akihangaikia usajili, na chumba cha mbele kilikuwa na kitanda kimoja kisicho na godoro. Lakini Brashi alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

"Ameanza kitambo. Mnamwona kinyozi yule? Alikuwa hawezi kugeuza shingo. Sasa anaigeuza kama feni."

Wakacheka wote watatu. Mwenye faili akaandika kitu.

"Hebu simama hapo, mzee. Karibu na maandishi."

Brashi akasimama wima, brashi mkononi, akatabasamu. Hakuna mteja aliyewahi kumwomba aingie kwenye picha.

Ukuta wenyewe ulikuwa umependeza. Mstari wa kwanza, kwa bluu: TIBA YA VIUNGO. Wa pili, kwa nyeusi: BINTI BRASHI. Wa tatu, kwa herufi nyekundu ndogo: MTAALAMU ALIYESAJILIWA NA SERIKALI. Huo wa tatu hakuufikiria hata kidogo. Tangu ujana wake aliamini kuwa kibao chenye mistari miwili ni sawa na mtu aliyevaa shati akasahau suruali. Wateja walikuja na jina la kazi na jina la mwenye kazi, basi. Mstari wa tatu aliwazawadia yeye. Muuza mkaa alikuwa amesajiliwa na serikali, fundi viatu alikuwa amesajiliwa na serikali, na hata kinyozi, ambaye serikali haikuwa na habari naye, alikuwa amesajiliwa. Hakuna aliyewahi kuusoma. Ulikaa pale kama pindo la nguo.

Na asingeweza kuufikia ukuta ule miezi michache nyuma. Kuinua mkono miaka nenda rudi kulikuwa kumeliua bega lake la kulia. Binti aliporudi na shahada, alimkalisha kwenye kigoda dirishani, akamshika bega, akamwambia, "Pumua, baba. Usishindane nami." Kila jioni hivyo, mpaka siku moja mkono ukapanda wenyewe juu ya kichwa, na mkewe akapiga vigelegele jikoni. Ukuta ule ulikuwa shukrani yake. Alitaka binti akirudi aukute.

*

Binti aliukuta. Alirudi na begi begani, akasimama katikati ya barabara hata mwendesha baiskeli akalazimika kumkwepa huku akimtukana.

"Ingia ndani, mwanangu, mbona umesimama kama mgeni?" Mama alitoka na kulipokea begi.

"Nani ameandika hivi?"

"Fundi gani mwingine mtaa huu anaweza kuipindisha herufi hivyo?" Baba alikuwa amesimama mlangoni, akicheka kabla hajaambiwa asante.

"Baba. Mstari wa chini."

"Huo? Huo wa kujazia tu."

"Sijasajiliwa."

"Si utasajiliwa?"

Binti aliingia, akaketi kwenye kigoda cha baba yake, akavua viatu. Visigino vya soksi vilikuwa vimetoboka. Alikuwa na habari njema, na alikuwa ameibeba njia nzima kama mtu abebavyo maji kwa viganja. Sasa aliitoa taratibu, akichungulia dirishani kila mara.

Kamati ya usajili ilikuwa imekubali kumsikiliza.

Kabla ya hapo alikuwa amezungushwa. Baraza la taaluma lilimwambia kuwa shahada ya fani yake hapa ni miaka minne, na yake ni mitatu. Aliwaeleza kwamba kule hawana likizo ndefu, na kwamba mazoezi ya hospitali hufanyika ndani ya masomo, ilhali hapa hufanyika baada ya kuhitimu. Ukijumlisha, yeye ndiye aliyeshika wagonjwa wengi zaidi. Wakamwambia, sawa, nenda Tume ya vyuo wakulinganishie. Tume ikamwambia kuwa kule masomo huhesabiwa kwa uniti na hapa huhesabiwa kwa saa, na jedwali la kubadilisha moja kuwa nyingine halijapitishwa, kwa hiyo alete kwanza maoni ya Baraza. Baraza likamwambia haliwezi kutoa maoni juu ya kitu ambacho Tume haijakilinganisha. Majengo yenyewe yalitazamana. Askari wa getini walifika mahali wakaacha kumuuliza anakwenda wapi, wakawa wanamuuliza, "Leo unaanzia upande gani, dada?"

"Lakini si walisema nchi zimekubaliana?" mama aliuliza. "Tulisikia redioni. Mimi na baba yako tuliketi hapahapa."

"Zimekubaliana, mama. Upande wa karo. Nililipa sawa na mwanafunzi wa kule, ndiyo maana hela ya kiwanja mlichouza ikatosha. Upande wa vyeti wanasubiri kanuni."

"Wanazisubiri kutoka wapi?"

"Kwao wenyewe."

Mama alicheka kidogo kwa pua, kicheko kisicho na furaha.

"Ila sasa kamati wameona watufanyie njia maalumu, sisi tuliokwama," binti aliendelea. "Nafanya mtihani mmoja. Nikifaulu nasajiliwa, na ile nafasi ya kazi hospitalini bado ipo. Mtihani wao, baba, naweza kuufanya nimefumba macho."

Brashi aliuona uso wake ukifunguka kama zamani, na hapo akaacha kutabasamu bila yeye kujua kwa nini. Kisha akajua.

"Walikuja watu," alisema. "Wakapiga picha."

"Watu gani?"

"Wateja. Nilidhani wateja."

"Walikuwa wamevaa tai, baba?"

"Mmoja."

Aliwaeleza yote, pamoja na shingo ya kinyozi. Alipomaliza, binti alikuwa amevaa viatu tena, kama vile kuna mahali pa kukimbilia. Mama ndiye aliyesimama. Alikwenda uani, akarudi na ndoo ya chokaa, akaiweka miguuni pa mumewe kwa kishindo.

"Futa," alisema.

*

Wito wa kamati ulipofika, Brashi aliomba aende na binti yake, akakubaliwa. Kinyozi naye akajitolea. Alifunga saluni, akavaa koti la harusi yake, akasema atawaonyesha shingo. Walimzuia getini kwa kuwa hakuwa na wito, akabaki kivulini akiongea na askari.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na feni iliyogonga kitu kila ikizunguka. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Kushoto kwake kulikuwa na katibu, na kulia mjumbe aliyeendelea kula karanga kutoka kwenye droo. Picha ilikuwa mezani. Brashi alijiona mwenyewe, wima, anatabasamu.

"Huyu ni wewe, mzee?" katibu aliuliza.

"Ni mimi, mheshimiwa. Na aliyeandika ni mimi. Mtoto hakuwepo, hakujua. Adhabu kama ipo ni yangu."

"Ulijuaje kwamba amesajiliwa?"

"Sikujua. Ni mstari wa kujazia."

"Wa kujazia?"

"Kibao kikiwa na mistari miwili kinakaa uchi. Mimi humwandikia kila mtu. Nimemwandikia muuza mkaa."

Mjumbe wa karanga alitoa sauti ya kicheko, akaigeuza kikohozi.

"Mzee," alisema, "hiyo kila mtu angeweza kusema akishanaswa."

Brashi alitazama huku na huku kama aliyedondosha sindano. Kisha macho yake yakatoka dirishani, yakashuka hadi barabarani, na akainuka bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa, naomba uje hapa. Tafadhali. Kile kibanda cha fotokopi."

Mwenyekiti alisita, akavaa miwani, akaja dirishani. Chini kulikuwa na kibanda cha bati, na ukutani, kwa rangi iliyopauka: FOTOKOPI NA KUFUNGA VITABU. Chini yake jina la mwenye kibanda. Chini kabisa, kwa nyekundu: IMESAJILIWA NA SERIKALI.

"Kazi yangu ile, ya zamani," Brashi alisema. "Hata herufi utaona ni mkono mmoja."

"Hapo ndipo tunapotolea nakala," katibu alisema taratibu.

"Miaka yote," mwenyekiti alisema. "Sijawahi kuusoma."

Alirudi kwenye kiti chake. Binti, ambaye tangu waingie alikuwa anatazama magoti yake, aliinua uso. Kwa muda ambao feni ilizunguka mara chache tu, ilionekana kama mambo yatanyooka.

"Nakuamini, mzee," mwenyekiti alisema. "Niseme kweli, nakuamini. Lakini kuna jambo la pili. Uliwaambia wakaguzi kwamba ameanza kutibu."

"Hilo nilidanganya. Shahidi yupo getini, shingo yake haijaguswa na mtu."

"Kwa hiyo hajawahi kumtibu mtu yeyote tangu arudi?"

Binti alifumbua mdomo, lakini baba alikuwa ameshaamua kwamba leo hatadanganya tena, hata kidogo, hata kwa uzuri.

"Mimi tu," alisema. "Bega langu. Lilikuwa limekufa, akalifufua. Tazameni." Akainua mkono wa kulia mpaka juu, ukasimama pale, umenyooka, vidole vikielekea darini.

Hakuna aliyeutazama. Katibu alikuwa anaandika.

"Kwa malipo?"

"Mtoto na baba yake, malipo gani tena?"

"Anakiri," katibu alisema akiwa anaandika, kama anayejisomea.

"Baba, shusha mkono," binti alinong'ona.

Mwenyekiti alivua miwani. Alieleza bila ukali, na huenda ukali ungekuwa nafuu. Njia maalumu ya mtihani imewekwa kwa wenye rekodi safi. Aliyetangazwa kuwa amesajiliwa kabla ya kusajiliwa, na akashika mwili wa mtu kwa tiba, hata awe mzazi wake, hawezi kupita hapo. Nia haiangaliwi, kwa sababu fomu ya njia maalumu haina sehemu ya nia.

"Atapita njia ya kawaida," alisema.

"Njia ya kawaida ni ipi, mama?" binti aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuisemesha kamati tangu alipotamka jina lake.

"Ulinganisho wa Tume."

"Tume hawana jedwali."

"Litakuja na kanuni mpya."

"Kanuni zinatoka lini?"

Mwenyekiti aliwatazama wenzake. Mjumbe alifunga droo.

"Nchi zikimaliza kujadiliana," mwenyekiti alisema.

"Na nafasi ya hospitali?"

"Hiyo haiko kwetu." Kisha, kama aliyekumbuka kipande cha mwisho cha maneno yake ya kawaida: "Na kwa sasa, binti, usimguse mgonjwa. Yeyote. Safari nyingine halitakuwa suala la kamati, litakuwa la polisi."

Nje, kinyozi aliwaona wakija, akaanza kulegeza tai yake. Walipanda basi la kurudi, na njiani kila kibao kilichopita dirishani Brashi alikisoma mpaka mwisho.

*

Binti alijaribu upande wa pili, nchi aliyosomea. Aliandika chuoni kwake, na walimu wake wakamjibu kwa upendo. Baraza la kule nalo lilijibu, kwa ufupi: mgeni husajiliwa akiwa ameshasajiliwa nchini kwake. Alilisoma jibu hilo kwa sauti mezani, akalikunja, akaliweka chini ya sahani ya chumvi.

Nafasi ya hospitali ilichukuliwa na mtu mwingine. Watu wa mtaa, ambao walikuwa wamezoea kumwita Dokta, hawakujua waendelee au waache. Wengine waliita wakajirudi katikati ya neno. Fundi viatu alimfuata kwa siri, goti limevimba, akamwambia, "Niangalizie tu, dada, hata kwa macho." Binti alirudi nyuma hatua nzima, akaweka mikono mgongoni.

"Nenda hospitali, kaka."

"Si ni nyie haohao?"

"Si sisi."

Alianza kuuza maziwa kwenye friji ya mama mmoja kona ya barabara. Alipima na kumimina vizuri, na alipokea hela bila kugusana vidole na mteja.

Nyumbani mama alimwandalia mumewe chakula, akakifunika, akaondoka. Mara moja tu alisema, akiwa amempa mgongo, akipanga vyombo, "Tuliuza kiwanja tukanunua mikono. Sasa mikono inauza maziwa."

"Najua, mke wangu."

"Hujui. Ungejua usingekuwa unakula."

Brashi alisukuma sahani. Baadaye kidogo, kwa njaa, aliivuta tena, na hilo lilimwaibisha kuliko lile la kamati.

*

Kazi ilikuja kutoka kwa bwana mmoja wa ukumbi wa chuo kikuu. Kulikuwa na mkutano wa wakuu wa vyuo na mawaziri wa nchi kadhaa, na walitaka ukuta wa mbele uandikwe kwa mkono, si kwa kitambaa cha kuchapa, kwa kuwa kitambaa cha mkutano uliopita kilichanika wakati wa hotuba. Brashi alitaka kukataa. Lakini rangi zilikuwa zimekauka kwenye makopo, na tangu kisa kile wateja wachache walikuwa wamemwomba awafutie mistari ya tatu, bure, kwa hofu.

Alifunga uzi wa kupimia, akapiga mistari ya chaki, akaanza. Mstari wa kwanza: ELIMU MOJA, CHETI KIMOJA. Wa pili: MKUTANO WA KULINGANISHA MASOMO YA VYUO VIKUU. Ukuta ulikuwa mrefu, ngazi ilikuwa fupi, na bega lilianza kukaza tangu herufi za mwanzo. Halikuwa limeshikwa tangu siku ya kamati. Alipofika mwisho, alikuwa anauinua mkono wa kulia kwa kuusukuma na wa kushoto.

Bwana wa ukumbi alikuja, akarudi nyuma, akafinya jicho.

"Safi sana, mzee wangu. Ila naona chini pamebaki peupe. Pana upweke fulani. Huna maneno ya kuongezea?"

"Sina."

"Chochote tu. Nyie mafundi si huwa mna maneno?"

"Tulikuwa nayo," Brashi alisema, na kuanza kuosha brashi.

"Haya. Huu ni mkutano wa tatu, ujue. Ukuta ule wa nyuma ndio ulioandikwa wa kwanza. Safari hii wanasema watakubaliana juu ya tarehe."

"Ya kanuni?"

"Ya mkutano ujao."

Bwana yule hakuwa anatania. Brashi alibeba ngazi yake kwa bega la kushoto.

*

Alifika nyumbani jua lingali juu. Mama alikuwa kisimani. Binti alikuwa amerudi mapema, maziwa yalikuwa yamekwisha, naye alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, nusu ya uso ikiwa kwenye mwanga wa dirisha. Ukutani nje chokaa ilikuwa nyeupe kabisa. Brashi alikuwa ameipaka mikono mitatu ili nyekundu isitokeze.

Alijaribu kutundika koti kwenye msumari wake wa kila siku, mkono ukakataa njiani. Akajaribu tena. Koti likaanguka. Aliliacha pale, akavuta kigoda, akakiweka dirishani mahali pake, akaketi, mgongo kwa binti yake. Hakuomba. Hakujua ataombaje. Aliketi tu, kama alivyokuwa akiketi.

Nyuma yake mchele uliendelea kuchezacheza kwenye ungo. Kisha ukatulia.

"Nenda hospitali, baba."

"Hospitali wananiandikia vidonge."

"Ndiyo, basi umeze."

"Nameza."

Nje, kinyozi alikuwa anamtania mteja juu ya upara wake, na mteja alikuwa anamjibu. Brashi alisubiri, halafu akaona aibu ya kusubiri, akaweka mkono wa kushoto gotini ili ainuke.

"Kaa," binti alisema.

Alimsikia akisimama, akikung'uta sketi. Hakuja. Alikwenda kwanza mlangoni, akauchungulia mtaa kulia na kushoto, akafunga mlango, akatia komeo. Akaja dirishani, akalivuta pazia upande mmoja, akalivuta la pili, akayabana katikati kwa kibanio cha nguo. Chumba kikawa na giza la mchana, lile la kijivu. Kwa kinyozi vicheko viliendelea, vikawa vinasikika mbali.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Simwambii."

"Hata mama."

"Hata yeye."

"Na isikuume ukapiga kelele."

"Sipigi."

Ndipo akahisi vidole vyake, vya baridi kwa sababu ya friji ya maziwa, vikitafuta mahali chini ya mfupa, vikipapasa kama vya mwizi, na mwishoni vikapapata.

"Pumua, baba," binti alinong'ona. "Polepole. Watasikia."